Muziki wa Kuazima: Jinsi Kundi la Rekoda Lilivyopata Nyimbo Zake, 1501 hadi Leo

Rekoda ni filimbi inayopulizwa kwa kusimamishwa, yenye matundu saba mbele na moja la kidole gumba nyuma. Pumzi hupita katika mfereji mwembamba uliochongwa mdomoni mwake, ikagonga ukingo mkali, na sauti ikatoka bila mpigaji kuhangaika kubana midomo. Ndiyo maana mtoto wa shule ya msingi hutoa nota siku ya kwanza. Urahisi huo una gharama yake. Ukipuliza kwa nguvu, sauti haikui tu, bali hupanda na kuiacha nota yake. Ukipuliza kwa ulegevu, hushuka. Upana wake nao ni mdogo: rekoda ya kawaida ya karne ya 16 ilifikia nota 13 au 14 hivi, ikaishia hapo.

Waswahili husema nguo ya kuazima haisitiri matako. Kundi la rekoda limeishi karne tano kwa nguo za kuazima: nyimbo za waimbaji, ngoma za wacheza dansi, muziki wa kinanda, hata nyimbo za redioni. Kila mara ala hii ilipopata uhai, aliyetangulia alikuwa mpangaji, yule anayechukua muziki wa mwingine na kuugawa upya kwa ala alizonazo. Mtunzi alifuata nyuma yake, na mara nyingi alitumia ujuzi uliozaliwa katika kuazima huko.

1501–1535: Nyimbo zavuliwa maneno

Rekoda kongwe zaidi zimefukuliwa ardhini: Dordrecht huko Uholanzi, Göttingen huko Ujerumani, Tartu huko Estonia, zote za karne ya 14. Hizo zilikuwa filimbi moja moja. Jambo jipya lilikuja karne iliyofuata, mafundi walipochonga filimbi hiyohiyo kwa ukubwa mbalimbali ili watu wanne wapige pamoja kama sauti nne za kwaya. Muziki wa zama hizo ndio uliolazimisha hivyo. Waimbaji wa makanisa na kasri za Ulaya walizoea nyimbo ambazo kila sauti ina mwendo wake na hakuna iliyo msindikizaji wa nyingine. Ala iliyotaka kuingia humo ilibidi ije familia nzima.

Mwaka 1501, Ottaviano Petrucci alichapa mjini Venice kitabu kiitwacho Harmonice Musices Odhecaton, chenye nyimbo za sauti tatu na nne, nyingi za Kifaransa. Nyingi zilichapwa na maneno machache tu ya mwanzo, kiasi cha kuutambua wimbo. Mwimbaji aliyetaka beti zote alipata tabu, lakini mpiga ala hakupungukiwa na kitu. Muziki wa sauti ulikuwa sasa unauzwa kwa mtu yeyote mwenye ala na uwezo wa kusoma nota.

Miaka kumi baadaye kasisi Sebastian Virdung alitoa mjini Basel kitabu Musica getutscht, akaeleza rekoda za saizi tatu: besi inayoanzia nota ya F, tenori inayoanzia C, na ndogo inayoanzia G. Kila moja imeipita iliyo chini yake kwa nota tano. Kundi la watu wanne, kwa maelezo yake, linahitaji ndogo moja, tenori mbili na besi moja. Mpango huo ulitokana na nyimbo zenyewe. Katika nyimbo za wakati huo sauti mbili za kati zilitembea karibu katika eneo moja, hivyo saizi moja ilitosha kuzihudumia zote mbili. Fundi alikuwa amesikiliza kwaya kabla ya kushika tezo.

Hatua iliyofuata ilitokea Paris mwaka 1533. Mchapaji Pierre Attaingnant alitoa makusanyo mawili ya nyimbo za sauti nne na kuziwekea alama: herufi moja kwa nyimbo zinazofaa filimbi ya kupigwa ubavuni, nyingine kwa zinazofaa rekoda, na herufi zote mbili kwa zinazofaa kotekote. Nyimbo zilikuwa zilezile za kuimbwa, wala hakuna nota iliyobadilishwa kwa ajili ya filimbi. Ila mtu fulani alikuwa amekaa na kupima kila wimbo: je, sauti ya chini inazidi uwezo wa besi? Je, sauti ya juu inampandisha mpigaji mpaka sauti inakuwa kali? Je, vituo vya pumzi vinatosha? Kuchagua huko ndiko upangaji wa mwanzo kabisa, na hata leo mpangaji mzuri huukataa wimbo usiofaa kabla ya kugusa kalamu.

Wimbo ukishachaguliwa, njia ilikuwa fupi. Kila mpigaji alisoma sauti moja kama ilivyoandikwa kwa mwimbaji, na filimbi ikaitoa oktava moja juu yake. Besi ya rekoda haishuki chini ya F yake; wimbo uliovuka mpaka huo ulipandishwa wote kwa nota kadhaa, na wapigaji walitakiwa kufanya hivyo papo hapo kwa macho na vidole.

Mwaka 1535, Silvestro Ganassi wa Venice alichapa Fontegara, kitabu cha kwanza kuihusu rekoda peke yake. Alimtaka mpigaji amuige mwimbaji kama mchoraji anavyoiga maumbile, kwa pumzi, kwa vidole na kwa ulimi. Kisha akajaza kurasa kwa mifano ya kuvunja nota moja ndefu kuwa nyingi fupi. Kwake, wimbo ulioandikwa ulikuwa malighafi. Wimbo wa kuazima ukipita mikononi mwa mpigaji wa namna hiyo ulitoka ukiwa umebadilika, na hapo mpaka kati ya kupiga, kupanga na kutunga ukawa mwembamba sana.

1539–1630: Ndugu watano wa Venice

Mfalme Henry VIII wa Uingereza alipenda muziki na aliupiga mwenyewe. Orodha ya mali iliyoandikwa baada ya kifo chake mwaka 1547 inataja rekoda 76. Lakini filimbi sandukuni hazipigi. Mwaka 1539 hivi, mawakala wake waliwapata Venice ndugu watano wa ukoo wa Bassano: Alvise, Anthony, Jasper, John na Baptista. Walihamia London na kuajiriwa kama kundi la rekoda la mfalme; baadaye liliongezwa mtu wa sita. Kundi hilo lilidumu miaka 90 hivi, watoto na wajukuu wakirithi nafasi za wazee wao, hadi lilipounganishwa na makundi mengine ya ala za kupuliza mwaka 1630.

Nguvu yao ilikuwa kwamba kazi zote zilifanyika chini ya paa moja. Walichonga ala, walizipiga, na baadhi yao walitunga. Kundi la rekoda linahitaji ala zilizotoka kwa fundi mmoja, kwa mbao za namna moja na kipimo kimoja. Sauti yake haina mtetemo mwingi wa kuficha makosa, kwa hiyo nota mbili zisipolingana sikio hushtuka mara moja. Zikilingana sawasawa huungana, mtu akadhani anasikia kinanda cha kanisani. Mtunzi aliyekulia katika nyumba ya mafundi alijua hilo bila kuambiwa.

Kutoka kwa Jerome Bassano, wa kizazi cha pili, zimebaki fantasia za sauti tano. Hapo tunamwona mtunzi akijitenga na wimbo wa kuimbwa. Fantasia haina maneno ya kufuata. Sauti moja huanzisha wazo, ya pili hulidaka, ya tatu vilevile, hadi zote tano zimelitamka. Mtindo huo uliifaa rekoda kuliko ala nyingi. Kwa kuwa mpigaji hawezi kukazia sauti yake ili wazo lisikike, mtunzi humfanyia kazi hiyo kwa kuiingiza sauti mpya baada ya kimya, au kwa kuiweka mahali ambapo nyingine zimetulia. Ukubwa wa sauti ukawa suala la hesabu: watu wawili wakipiga ni kwa upole, watano wakipiga ni kwa nguvu. Ala isiyo na uwezo wa kupaza sauti iliwafundisha watunzi kupaza kwa wingi wa sauti.

1551–1619: Kwa ala yoyote uliyonayo

Nje ya kasri, soko la muziki lilikwenda kwa mantiki nyingine. Wachapaji walitaka kuuza kwa wenye rekoda, wenye fidla na wenye matarumbeta pia. Tielman Susato wa Antwerp alipotoa mkusanyiko wake wa ngoma mwaka 1551, aliunadi kuwa unafaa ala zote. Anthony Holborne alifanya hivyo London mwaka 1599 kwa vipande 65 vya sauti tano, akitaja fidla na ala nyingine za kupuliza katika jina la kitabu. Wapiga rekoda wa leo wanapovipiga vitabu hivyo, kazi ya mwisho ya upangaji wanaifanya wao: nani apige sauti ipi, kwa saizi gani, na marudio yabadilishweje.

Picha kamili ya familia hiyo ikiwa kileleni aliiacha Michael Praetorius wa Ujerumani, katika juzuu ya pili ya Syntagma Musicum, mwaka 1619. Aliorodhesha saizi nane, kuanzia kipande cha kushikwa kiganjani hadi besi kubwa inayopulizwa kwa bomba la shaba. Seti kamili kwake ilikuwa na rekoda 21, na iliweza kuagizwa Venice kwa sarafu 80 hivi za thaler. Alieleza pia jambo ambalo kila mpangaji hukutana nalo: rekoda hudanganya sikio. Sauti yake haina vumo nyingi za juu, kwa hiyo msikilizaji huisikia oktava moja chini ya mahali ilipo kweli. Udanganyifu huo ndio uliowaruhusu watu kupiga nyimbo za wanaume wazima kwa filimbi ndogo bila mtu kulalamika kwamba muziki umekuwa wa ndege.

1630–1760: Kundi lavunjika, filimbi yabaki peke yake

Kilichoivunja familia hiyo hakikuwa ubaya wa ala. Muziki wenyewe ulibadilika umbo. Watunzi wa Italia walikuwa wamehamia kwenye mtindo wa sauti moja au mbili za juu zinazong'ara, besi moja chini, na katikati kinubi cha funguo kikijaza akodi. Mpiga kinubi hicho, akiisoma besi na tarakimu chache juu yake, aliziba kwa mikono miwili nafasi ya wapigaji watatu. Alto na tenori za rekoda hazikuwa na kazi tena.

Mafundi wa Ufaransa, wa mazingira ya ukoo wa Hotteterre, waliijenga upya rekoda mwishoni mwa karne ya 17. Waliigawa vipande vitatu vinavyounganika, wakaupunguza mwanya wa ndani kuelekea chini, wakaipa upana wa oktava mbili na zaidi. Rekoda ya alto inayoanzia F ikawa ndiyo rekoda. Ilikuwa kali, nyepesi na ya kujitegemea, tofauti na zile za mbao nene zilizochongwa ili zimezane. Telemann, Handel na Bach waliiandikia muziki wa hali ya juu. Katika konserto za Brandenburg za mwaka 1721, Bach aliitumia katika ya pili na ya nne.

Walioandikia makundi walikuwa wachache. Johann Heinrich Schmelzer wa Vienna alitunga sonata ya rekoda saba, na Johann Christian Schickhardt alichapa konserto sita za rekoda nne za alto, zote zikisindikizwa na besi na akodi. Katika kazi za Schickhardt wapigaji wanne wana saizi moja. Hakuna wa juu wala wa chini kwa maumbile, kwa hiyo mtunzi huirusha sauti kutoka kwa mmoja hadi mwingine. Ni ufumbuzi wa mtu ambaye familia nzima imeshamtoka mikononi.

Kufikia katikati ya karne ya 18 hata rekoda ya peke yake ilishindwa. Ladha mpya ilitaka sauti inayovimba na kunywea ndani ya nota moja, na okestra ya kumbi kubwa ilitaka nguvu. Fluti ya ubavuni na fidla viliweza yote mawili, rekoda haikuweza hata moja. Kilichokuwa mipaka yenye manufaa wakati wa Bassano kikawa kasoro.

1905–1939: Kuanza upya na vitabu vya zamani

Arnold Dolmetsch, fundi na mpiga ala mzaliwa wa Ufaransa aliyehamia Uingereza, alinunua mwaka 1905 rekoda ya zamani iliyochongwa na Bressan, fundi wa zama za Bach. Mwaka 1919 mwanawe mdogo Carl aliusahau mfuko wenye rekoda hiyo katika kituo cha reli cha Waterloo, London. Baba akalazimika kuchonga nyingine kwa vipimo alivyokuwa ameviweka. Kutoka kwa ile moja alijifunza kutengeneza saizi nyingine, na kufikia 1926 soprano, alto, tenori na besi zilikuwa zikipigwa pamoja katika tamasha aliloanzisha mjini Haslemere mwaka mmoja nyuma.

Hapa kuna uamuzi wa kiufundi uliogusa kila mpangaji aliyefuata. Familia ya Virdung ilipanda kwa hatua za nota tano: F, C, G. Familia ya Dolmetsch ilifuata rekoda za karne ya 18, ikapishana F na C: besi F, tenori C, alto F, soprano C. Mpangilio huo unalingana kwa majina na sauti nne za kwaya ya kisasa, na anayejua vidole vya namna mbili anaweza kupiga saizi zote. Hasara yake ni kwamba alto ya F, ikisomwa kwa sauti ya alto ya kwaya, mara kwa mara hukosa nota za chini. Mpangaji wa leo hutumia muda mwingi kutafuta mahali pa kuziweka nota hizo: kumpa tenori, kuvusha sauti mbili, au kupandisha wimbo wote.

Mjerumani Peter Harlan alitembelea Haslemere mwaka 1925, akarudi kwao na kusimamia utengenezaji wa rekoda za bei nafuu kwa wingi. Alibadilisha tundu ili nota ya nne ya skeli ipigwe kwa vidole vyepesi. Wanaoanza walifurahi, lakini nota nyingine zilipotoka. Vyama vya muziki vya vijana wa Ujerumani vilizikumbatia, na baadaye utawala wa Wanazi ukazitumia katika makundi yake ya vijana. Uingereza nako Edgar Hunt aliipeleka rekoda madarasani miaka ya 1930, na mwaka 1937 yeye na Carl Dolmetsch walikuwa miongoni mwa walioanzisha Chama cha Wapiga Rekoda. Miaka miwili baadaye Suzanne Bloch alianzisha chama cha Marekani.

Ghafla kulikuwa na maelfu ya wapigaji na hakuna muziki wa kutosha. Wengi wao walikuwa walimu, makarani na mama wa nyumbani waliokutana jioni moja kwa wiki. Waliopanga muziki walirudi walikoanzia wenzao wa 1533: nyimbo za Kifaransa, madrigali za Kiingereza, ngoma za Susato na Praetorius. Walter Bergmann, mwanasheria Mjerumani aliyekimbilia Uingereza mwaka 1939, alifanya kazi katika kampuni ya uchapaji ya Schott mjini London na kutayarisha matoleo mengi yaliyopigwa na wapigaji hao jioni baada ya jioni. Kila sauti ilipaswa kuwa na utamu wake, maana hakuna anayelipa ada ya chama ili apige nota mbili zilezile kwa saa nzima. Hitaji hilo la wapenzi wa muziki limeuathiri uandishi wa rekoda kuliko nadharia yoyote.

1932–1958: Watunzi wanarudi

Paul Hindemith alikuwa wa kwanza miongoni mwa watunzi wakubwa wa karne ya 20 kuliandikia kundi hili. Juni 1932 alikaa na wanafunzi wa shule ya bweni ya Plön, kaskazini mwa Ujerumani, akawatungia muziki wa siku nzima, kuanzia asubuhi hadi tamasha la jioni. Ndani ya tamasha hilo kulikuwa na utatu wa rekoda. Hindemith hakuwarudishia karne ya 16. Aliwapa akodi za zama zake zenye kukwaruzana, akijua kwamba ukwaruzo wa rekoda ni safi na unauma zaidi, kwa kuwa hakuna mtetemo wa kuulainisha.

Uingereza, Benjamin Britten alifika kwa njia ya urafiki. Mapema 1955 alikuwa Zermatt, Uswisi, pamoja na Peter Pears na mchoraji Mary Potter. Potter aliumia mguu akiteleza kwenye theluji. Ili kumliwaza, Britten alitunga Alpine Suite ya rekoda tatu, vipande vifupi sita vyenye saa ya ukutani, mteremko wa theluji na kuagana. Aliandika pia Scherzo ya rekoda nne. Miaka mitatu baada ya Alpine Suite, katika Noye's Fludde, opera yake ya kanisani inayochezwa zaidi na watoto, rekoda inamwigiza njiwa wa Nuhu kwa ulimi unaotetemeshwa ndani ya pumzi. Britten hakutafuta kuifanya rekoda iwe kubwa kuliko ilivyo. Aliandika vifupi, kwa hewa nyingi, na kila kipande kikawa na wazo moja.

1972–2000: Amsterdam

Mageuzi yaliyofuata yalitoka kwa wapigaji. Frans Brüggen wa Uholanzi alithibitisha kwamba rekoda ni ala ya jukwaa kubwa, na mwaka 1972 alianzisha Sour Cream pamoja na wanafunzi wake wa zamani Kees Boeke na Walter van Hauwe. Walipiga muziki wa karne ya 15 na muziki uliotungwa jana katika tamasha moja. Huko Japani, Ryohei Hirose alitunga Lamentation ya rekoda nne mwaka 1975, akaleta nota zinazoteleza, pumzi zinazosikika na sauti mbili zinazogongana kwa makusudi. Kule kupanda na kushuka kwa nota kulikolaumiwa tangu karne ya 18, Hirose alikufanya kuwa kilio.

Mwaka 1978 wanafunzi wa Amsterdam waliunda Amsterdam Loeki Stardust Quartet, sehemu ya jina wakiitoa kwa simba wa katuni wa matangazo ya televisheni. Katika shindano la muziki wa kale la Bruges, 1981, walipiga I Wish ya Stevie Wonder, na jina lao likavuma. Mzaha ulikuwepo, lakini ufundi ulikuwa mzito. Wimbo wa fanki unategemea besi ya umeme na ngoma, vitu visivyokuwemo. Mpangaji ilibidi agawe mdundo kwa ndimi: nota fupi inayokatwa kwa t, nyingine laini ya d, nyingine inayomezwa, hadi watu wanne wakawa ngoma, besi, vinanda na mwimbaji. Paul Leenhouts, mmoja wao, alitoka hapo kwenda kutunga, na mwaka 1997 alianzisha The Royal Wind Music, kundi kubwa linalopiga ala za mtindo wa Praetorius.

Wakati huohuo sakafu ya muziki ilishuka. Kuanzia miaka ya 1970 Herbert Paetzold wa Ujerumani alitengeneza besi kubwa za mbao za tabaka zenye umbo la pembe nne, zilizofuata bomba za kinanda cha kanisani badala ya mti uliochongwa kwa mviringo. Ziligharimu kidogo kuliko besi za mviringo za ukubwa huo na ziliitikia upesi. Sasa mpangaji aliweza kuweka muziki mahali pake pa kweli badala ya oktava juu, na okestra za rekoda za watu 20 au 40 zikawezekana. Rekoda za chini zikiongeza oktava chini ya zile za juu, hesabu ya kale ya Bassano ilipata ngazi nyingine.

Meza ya mpangaji

Leo intaneti imempa mpangaji nota za karne tano bure; maktaba kubwa kuliko zote ya namna hiyo, iliyofunguliwa 2006, imepewa jina la Petrucci. Programu za kuandika muziki humchezea kazi yake kabla hajaita mtu. Hapo pia ndipo mtego ulipo, maana kompyuta huipiga nota ya chini ya alto kwa nguvu ileile ya nota ya juu ya soprano. Katika ala ya kweli nota za chini ni za joto na dhaifu, za juu ni kali na hazifichiki. Ukimpa alto wimbo mkuu katika nota zake za chini huku soprano ikipamba juu, wimbo umezikwa. Rekoda mbili zikipiga juu kwa karibu hutoa mvumo wa tatu masikioni, na nota isipokuwa sahihi mvumo huo huwa kero. Mwenye uzoefu huweka nafasi kati ya sauti, huchagua funguo zenye alama chache za kupandisha au kushusha, huacha mahali pa kupumua, na huupa kila ukurasa kimya cha mtu mmoja ili aingiapo asikike.

Afrika Mashariki imo katika historia hii kwa njia mbili. Rekoda nyingi za wapigaji wa peke yao huchongwa kwa mpingo, mti wa taifa wa Tanzania, unaotoa sauti kali na imara. Za kundi mara nyingi ni za mbao laini zaidi, zinazochanganyika kwa urahisi. Na nchini Kenya rekoda ya soprano imekuwa ala ya masomo ya muziki ya shule za msingi, ikiwemo katika mtaala wa umilisi. Darasa lenye soprano tupu liko pale walipokuwa wapigaji wa Schickhardt, wenye saizi moja mikononi. Wanafunzi hao tayari wanajua kuitikia, kupokezana na kuimba sauti nne bila kitabu, yaani wana malighafi aliyokuwa nayo Attaingnant. Kwa mwenendo wa karne hizi tano, muziki wao hautaanza na mtunzi mashuhuri atakayeagizwa kutoka mbali. Utaanza na mwalimu atakayechukua wimbo wanaoupenda, apime pumzi zao, agawe mstari kwa mstari, na kuwaandikia hivyo tena muhula unaofuata.